Ea klina ya tipa la dizeli ibadilishwe baada ya muda gani? Fundi anasema hivi, dereva anasema vile

Kokoto Mbichi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina Fuso Fighter moja, tipa, injini 6D16 yenye tabo (ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini). Linachota kokoto Lugoba kuleta Dar. Kuanzia unapoacha lami kuingia machimboni ni vumbi jeupe tupu. Gari likitoka humo utadhani limemwagiwa kiroba cha sembe.

Fundi wangu anasema ea klina, yaani filta ya hewa ya injini, ibadilishwe kila mwezi, hakuna mjadala. Dereva anasema fundi anatafuta hela ya spea tu, kwa sababu yeye anaipuliza upepo kila jioni kwa wale wa kujaza matairi na inatoka nyeupe kama mpya. Kitabu cha gari sina. Lilikuja na kijitabu cha Kijapani ambacho watoto walishakimaliza kwa kuchorea.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: tangu mwezi wa tatu injini imeanza kula oili. Zamani sevisi mpaka sevisi stiki haishuki. Sasa naongeza lita moja kila siku nne au tano, na asubuhi ukiliwasha linatoa moshi wa bluu. Ringi za pistoni tumefunga mpya mwaka jana tu! Je, hii ina uhusiano na ea klina? Na nibadili kila baada ya kilomita ngapi?

Naomba kuwasilisha.

---

Mla Lami

Kila kilomita 10,000, katikati hapo unaikung'uta kila sevisi. Mbona jambo dogo mkuu. Nina Scania, Dar–Tunduma mwaka wa sita huu, sijawahi kusumbuka.

---

Kipimajoto

Mla Lami, jina lako tayari ni jibu. Wewe unakula lami. Mwenzako anaingia shimoni kila siku ya Mungu. Kilomita 10,000 zako na kilomita 10,000 zake si ndugu hata wa kambo.

---

Tajiri Mtarajiwa

Nafuatilia. Na mimi nina Canter ya mchanga, dereva wangu anaifua filta kwa sabuni ya unga halafu anaianika juani. Anasema Wajapani wenyewe wanafanya hivyo.

---

Fundi Tanuri

Tajiri Mtarajiwa, hao Wajapani alikutana nao wapi? Kuna filta chache za mashine nzito ambazo watengenezaji wake waliruhusu kuoshwa kwa maji. Hiyo yako ni karatasi. Ikishalowa na kukauka mikunjo inalala, inashikana, na gundi inaanza kuachia pembeni. Mwambie aache leo.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi.

Mkuu, hilo swali la kilomita ngapi halina jibu moja, na anayekupa namba moja kavu bila kuuliza gari linatembea wapi anabahatisha. Filta haizeeki kwa kilomita, inajaa kwa vumbi. Injini yako ni lita saba na nusu. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta karibu lita 7,500 za hewa kila dakika, na hapo tabo haijaongeza ya kwake. Ukitaka kuhesabu kwa mafuta, kila lita ya dizeli inataka hewa lita 10,000 kwenda juu. Sasa hewa yenyewe ndiyo hiyo ya Lugoba.

Lakini kinachonitisha kwenye maelezo yako si fundi wa kila mwezi. Huyo anakumalizia hela tu. Kinachonitisha ni huyo dereva wa kila jioni.

Sikilizeni hili, maana wengi hulikataa mpaka walione. Filta mpya kabisa haichuji vizuri kama filta iliyokwisha kufanya kazi kidogo. Vumbi la mwanzo likilala juu ya karatasi nalo linageuka chujio, linapunguza matundu. Ukiipuliza kila jioni unairudisha pale ilipokuwa dhaifu. Pili, kila unapofungua kopo linalobeba filta, kuna vumbi linaanguka upande wa ndani, ule unaokwenda moja kwa moja kwenye tabo. Tatu, upepo wa kujazia matairi ya tipa unafika presha ya baa 8 au zaidi. Karatasi haitaki zaidi ya baa 2, na upulizwe toka ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Kwa baa 8 unaitoboa, na tundu lenyewe huwezi kuliona kwa macho ukiwa umeishika mkononi.

Na ndiyo, kula oili kunahusiana. Vumbi linalopenya linasaga ringi na slivu (yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka) kama msasa, na linaanzia juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ringi za mwaka jana hazikutakiwa kuchoka leo.

---

Kokoto Mbichi

Fundi Tanuri umenitia baridi. Nitajuaje kama imetoboka?

---

Fundi Tanuri

Usiku, chumba kiwe giza. Chukua taa ndogo, hata ya simu, iingize ndani ya filta kwenye lile tundu la katikati. Uizungushe taratibu ukitazama kwa nje. Karatasi nzima inaonyesha mwanga hafifu sawasawa kote. Iliyotoboka unaona vinyota.

Halafu chukua kitambaa cheupe, kisicho na oili, ingiza mkono kwenye paipu ya mpira inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye tabo, ufute ndani. Kikitoka safi nitakuomba radhi hapahapa. Kikitoka na unga, usiliwashe tena mpaka ujue umepitia wapi.

---

Binti wa Gerezani

Mimi nauza spea, na nitasema kitu ambacho hakinisaidii kibiashara. Wateja wengi wa tipa wanakuja kila mwezi kununua filta ya nje, ukiwauliza habari ya ile ya ndani wanakushangaa. Magari mengi mazito yana filta mbili: kubwa ya nje, na nyembamba ndani yake. Ile ya ndani ni mlinzi wa akiba. Kazi yake ni siku ile ya nje ikipasuka. Haipulizwi, haikung'utwi, haifuliwi. Inabadilishwa, kwa kawaida mara moja kila ukishabadili ya nje mara tatu. Kokoto, hebu hakikisha kwanza kama unayo. Kuna madereva wanaitoa wakidai gari linabanwa pumzi.

Kuhusu feki, maana najua swali linakuja: ukiwa dukani bonyeza mpira wa kwenye ukingo kwa ukucha. Mzuri unabonyea na kurudi. Feki nyingi mpira wake ni mgumu kama soli ya kandambili, na huo hauwezi kuziba. Tazama mikunjo pia, iwe imekaa kwa nafasi sawa. Ikiwa sehemu imesongamana na sehemu imeachana kama meno ya bibi, irudishe kwenye boksi.

---

Mla Lami

Sasa mnatuchanganya. Mnasema kuipuliza ni makosa, kuibadili kila mwezi ni makosa. Kwa hiyo tuiache izibe?

---

Kipimajoto

Hakuna aliyesema iachwe izibe. Ikiziba hewa inapungua, dizeli inabaki bila kuungua yote, ndiyo ule moshi mweusi. Gari linakosa nguvu mlimani, joto la ekzosi linapanda, tabo inavuta kwa nguvu mpaka inaanza kunyonya oili yake yenyewe kwenye sili. Na hizi injini mpya za dizeli zinazoongozwa na kompyuta usisubiri moshi, kompyuta inapunguza mafuta kimyakimya. Wewe utaona gari limekuwa zito tu ukamlaumu dereva.

Jibu ni kile kidude cha kioo. Kwenye kopo la filta, au kwenye paipu baada ya kopo, kuna kidude cha plastiki kama kifuniko cha kalamu chenye kidirisha. Filta ikizidi kuziba, rangi nyekundu inapanda. Ikifika mwisho inajifunga hapohapo, hata ukizima injini unaikuta. Ukibadili filta unabonyeza kitufe juu yake inashuka. Magari mengine yana taa kwenye dashibodi badala yake. Kilipo nyekundu badili, hakijafika usifungue kopo. Basi.

---

Deiwaka wa Kolwezi

Kipimajoto unaongea kama magari yetu yalitoka kiwandani jana. Nenda yadi yoyote uhesabu malori yenye hicho kidude. Utakuta palipokuwa na kidude pana boliti, au tundu limezibwa kwa gundi nyekundu. Kwangu mimi kilivunjika kabla sijapewa gari.

Niongeze moja la barabarani. Tunapokwenda Kongo, ukishapita mpaka wa Kasumbalesa na kuanza kuingia njia za migodini, vumbi kubwa hulipati kwenye barabara yenyewe, unalipata kwa mwenzio aliye mbele. Kuna vijana wanamfuata mtu mkiani kilomita nzima wakitafuta pa kupita, filta inakunywa vumbi la magari mawili. Achia nafasi, subiri upepo ulisogeze. Utafika umechelewa robo saa.

---

Nyoka wa Kitonga

Kwa wasio na kidude, nilifundishwa njia hii na mzee mmoja wa gereji Makambako, na inafanya kazi kuliko kidude chenyewe.

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha, ule wa kupimia usawa wa msingi wa nyumba. Mita tatu zinatosha. Ufunge kwenye ubao uwe kama herufi U, mimina maji ya rangi mpaka nusu, mwisho mmoja uchomeke pale kidude kilipokuwa, yaani baada ya filta, mwisho wa pili uache wazi. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Unapima tofauti ya kimo kati ya pande mbili. Kwa dizeli yenye tabo wengi wanakubaliana inchi 25 za maji ndiyo mwisho, sawa na sentimita 63 hivi. Isiyo na tabo inchi 20.

Ila kwa gari la tabo usipime likiwa limesimama linanguruma. Utapata namba ya uongo, kwa sababu bila mzigo tabo haivuti hewa yake yote. Mimi nilipima napanda Kitonga na tani zangu, utingo ameukumbatia ubao kwenye kebini kama mtoto, mimi namuuliza "ngapi?" yeye anajibu "bosi maji yanataka kutoka!" Yalikuwa yamepita sentimita 60. Nilipofunga filta mpya, mlima uleule, gia ileile, ikasoma 22.

Tangu siku hiyo napima mara moja kila wiki tatu. Kuna filta imekaa kwangu miezi saba, na kuna moja ilikufa kwa siku 19 tulipokuwa tunabeba klinka, ile ya kusagwa kuwa saruji.

---

Tajiri Mtarajiwa

Huyo utingo alilipwa posho ya maabara?

---

Nyoka wa Kitonga

Alikula kuku Ilula.

---

Mzee Bedford

Vijana mmenikumbusha mbali. Sisi tulianza na ea klina za oili. Land Rover za zamani zilikuwa nazo, trekta Massey Ferguson 135 linayo mpaka leo. Chini kuna bakuli lenye oili, hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa. Unafungua bakuli, unamwaga tope, unaosha kwa dizeli, unatia oili mpya mpaka mstarini. Hakuna cha kununua. Ila isizidishwe mstari! Nimeona injini ikivuta oili ya bakuli ikazunguka yenyewe mpaka ikaenda na maji, funguo mtu ameshika mkononi.

Nasema haya kwa sababu wako mafundi waliobaki na akili ya enzi hizo, wanaipaka filta ya karatasi oili "ishike vumbi". Inashika kweli, na haipitishi tena hewa. Karatasi ni kavu, iachwe kavu.

---

Deiwaka wa Kolwezi

Shikamoo mzee.

---

Mzee Bedford

Marahaba mwanangu.

---

Kajiado Kwetu

Salamu kutoka Kenya. Sisi huku tunabeba mawe na mchanga, vumbi ya Kajiado mnaisikia tu. Kitu kimoja hamjataja: hewa inaingilia wapi? Lori nyingi zimekuja na mdomo wa hewa nyuma ya kebini, na tipa zingine zimefanyiwa ufundi mpaka mdomo umeshuka karibu na tairi. Vumbi nzito iko chini. Tuliinua bomba likapita juu ya kebini, filta ikaanza kukaa karibu mara mbili ya vile ilikuwa. Makanika wa kuchomelea alimaliza kwa siku moja.

Pia ile mpira ya chini ya kopo, yenye mdomo kama wa bata. Iko hapo kutema vumbi. Dereva anafaa kuiminya kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, unaona unga unamwagika. Ikikatika, kopo inavuta vumbi kutoka chini badala ya kutema.

---

Fundi Tanuri

Kajiado Kwetu, asante, hilo la mdomo wa bata nilipaswa kulisema mwanzo. Kazi ya kila siku ya dereva kwenye ea klina ni hiyo tu, kuminya. Kopo halifunguliwi.

Na nisionekane kama nimetunga sheria yangu juu ya kupuliza. Watengenezaji wenyewe hawako pamoja. Caterpillar kwenye vitabu vya mashine zao wanaruhusu ile ya nje isafishwe mpaka mara sita, kwa upepo mdogo, ikaguliwe kwa taa kila mara, na mwaka ukifika inatupwa hata kama ilisafishwa mara moja. Donaldson, ambao ni watengenezaji wa filta, hawashauri kusafisha hata kidogo. Mimi niko upande wa Donaldson, na si kwa sababu ya vitabu. Ni kwa sababu sijawahi kukutana na dereva mwenye geji ya upepo mfukoni.

Unapobadili: futa ndani ya kopo kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, usipulize. Ukipuliza unalisukuma vumbi kwenye paipu ya tabo. Toa ya ndani mwisho kabisa, na kama huibadili usiiguse. Kaza klipu zote za paipu kwa mkono wako mwenyewe. Nimeshafungua injini tatu mwaka huu zilizokufa na filta mpya kabisa, klipu imelegea.

---

Kokoto Mbichi

Wakuu nimerudi. Poleni kwa ukimya, nilikuwa gereji tangu juzi.

Nitaeleza kwa mpangilio. Jumamosi usiku nilichukua filta nikaingia nayo stoo, nikazima taa. Wife akaniuliza kama niko salama. Nikaingiza tochi ya simu, nikaizungusha. Upande mmoja hakuna kitu. Upande wa pili, aisee, vinyota. Vimejipanga kwenye mkunjo mmoja kama kushona kwa cherehani, nilihesabu kumi na moja nikaacha.

Filta ya ndani hakuna. Sehemu yake ipo, na nati yake ya kipepeo imefungwa vizuri kabisa, imeshika hewa. Nilimpigia dereva palepale. Akasema, "Bosi ile niliitoa zamani, gari lilikuwa halichangamki." Zamani lini? "Tulipomaliza kufunga ringi." Yaani injini mpya, siku ya kwanza, ikanyang'anywa mlinzi.

Mdomo wa bata umekatika, pamefungwa mfuko wa rambo kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Kitambaa cheupe kiliingia kwenye paipu ya tabo. Kilitoka na rangi ya jivu. Nikikisugua kwa vidole nasikia mchanga.

Leo kichwa kimefunguliwa. Slivu juu zina mikwaruzo ya kusimama, ukipitisha ukucha unakwama. Fundi anasema ringi na slivu za sita zote, na mapanga ya tabo upande wa hewa yamelika ncha. Filta mbili pamoja na mdomo wa bata nimenunua 165,000. Kazi ya injini sijamaliza kuhesabu, imeshapita milioni nne na tabo bado.

---

Binti wa Gerezani

Pole sana kaka. Slivu usichukue za kwanza utakazoonyeshwa, njoo na ya zamani mkononi tulinganishe.

---

Tajiri Mtarajiwa

Na dereva umemfanyaje?

---

Kokoto Mbichi

Yupo. Anajua kuendesha na hajawahi kuniibia hata lita ya mafuta. Hakuna aliyewahi kumwambia, mimi mwenyewe nilikuwa namsifia kwa kuipuliza. Nimempa ubao wa Nyoka wa Kitonga, nimetengeneza jana kwa mpira wa fundi ujenzi. Kopo nimelipiga kufuli ndogo, funguo ninayo mimi. Ameniuliza yeye akiwa safarini itakuwaje. Nimemwambia aminye bata.

Swali moja bado. Ringi zikiwa mpya nianze kupima lini?

---

Fundi Tanuri

Tripu ya kwanza yenye mzigo, ili upate namba ya filta ikiwa mpya. Iandike kwa kalamu ya rangi juu ya kopo. Baadaye unalinganisha na hiyo. Na mwambie fundi asifunge tabo kabla hajaosha paipu zote na intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), la sivyo mchanga uliobaki humo unaanza kazi upya.

---

Mla Lami

Nimetoka kutazama ya kwangu sasa hivi. Kidude kipo. Kidirisha kiko chekundu mpaka mwisho. Sijui tangu lini.

---

Kipimajoto

Futa kioo kwanza, isije ikawa ni uchafu. Kama bado, bonyeza kitufe kishuke, panda mlima mmoja na mzigo wako, halafu utuambie.